Maji yajae, maji yapwe: Mlo wa pamoja ni nguzo ya familia delta ya Rufiji

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, muda wa kula haupangwi na saa ya ukutani. Unapangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana. Baba aliyekula na watoto wake saa mbili usiku Jumatatu, ifikapo mwisho wa wiki saa hiyohiyo anaweza kuwa ndani ya mtumbwi, nyavu zikiwa majini.

Ongeza juu ya hapo msimu wa mpunga, ambapo mama na baadhi ya watoto huhamia shamba kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori, huku wanafunzi wakibaki kijijini na bibi. Kisha sogea Kibiti mjini, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Kijana wa bodaboda huko anakula mchana kwa mama lishe, usiku anamalizia na chipsi, na anarudi nyumbani wakati wanawe wamelala.

Ndivyo familia nyingi zinavyojikuta zina nyumba moja lakini ratiba tatu za kula. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Hakuna aliyeikimbia familia. Ni kazi tu zimewatawanya, na kidogo kidogo watu wanaolala chini ya paa moja wanaanza kutojuana habari.

Swali kwa mzazi ni hili: katika maisha ya namna hiyo, mlo wa nyumbani unaoliwa pamoja una maana gani, na unawezaje kulindwa?

Chakula kipo, tatizo ni kinakokwenda

Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita, na sehemu kubwa ya delta ikabaki upande wake. Misitu ya mikoko ya delta hiyo ina zaidi ya hekta 50,000, na ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyo pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Salale, Nyamisati, Mbwera, Maparoni na vijiji vingine vinaishi kwa kutegemea mito, mikoko na mabonde yake.

Kwa maana hiyo, jiko la delta si jiko maskini. Kuna kamba, kaa na samaki wa maji chumvi. Juu kidogo mtoni kuna kambale na perege. Bonde linatoa mchele. Bara kuna mihogo, viazi vitamu, kunde, mbaazi, minazi na korosho. Matembele, kisamvu, mchicha na majani ya maboga hayahitaji nauli kuyapata.

Lakini kamba na kaa ni mali ya soko. Mara nyingi wanapopandishwa kutoka majini wanunuzi wameshafika na mizani, na kilicho bora huenda zake Dar es Salaam. Fedha ikirudi nyumbani, sehemu yake inanunua biskuti, soda na maandazi ya watoto. Mtoto wa mvuvi anaweza kukua akimwona kamba kila siku na kumla kwa nadra.

Hakuna ubaya kuuza. Ada, sare na dawa zinatoka humohumo. Lakini mzazi anayetenga fungu dogo la mboga ya nyumbani kabla mzani haujafika hapotezi biashara. Samaki wadogo watano waliobaki kwenye kikapu ni mlo wa watoto wanne, tena wenye protini na madini ambayo pakiti ya biskuti haina.

Utafiti unasema nini

Wazee wa pwani hawakuhitaji utafiti kujua kwamba watu wanaokula pamoja hukaribiana. Hata hivyo, wapo waliopima.

Mwaka 2011, jarida la kitabibu la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 17 zenye watoto na vijana zaidi ya 182,000. Waliokula na familia zao mara tatu au zaidi kwa wiki walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito unaofaa na kula vyakula bora kuliko waliokula pamoja kwa nadra. Si lazima mlo wenyewe ndio uliosababisha yote, kwa kuwa familia zinazokula pamoja huenda zinafanana katika mambo mengine mema pia. Lakini namba hiyo inampa moyo mzazi wa delta: haikusemwa kila siku, imesemwa mara tatu kwa wiki.

Kuna jambo la pili, nalo ni lugha. Profesa Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walirekodi mazungumzo ya wakati wa kula katika familia za kipato cha chini nchini Marekani. Walibaini kwamba watoto wadogo waliosikia maneno mengi yasiyo ya kawaida katika mazungumzo hayo, walipofika shuleni walikuwa na msamiati mpana zaidi.

Hilo halihitaji meza wala vitabu. Katika nyumba ya delta, mtoto anayekula na wakubwa anasikia mkandaa, mchu, mkomafi na mlilana, anajua kwamba kila mti una kazi yake. Anasikia tofauti ya bamvua na maji mafu. Anasikia bei ya mpunga ilivyopanda, nani ameoa, nani anaumwa, na kwa nini mtumbwi wa jirani umezama. Hayo yote ni elimu, na anayekula peke yake jikoni haipati.

Ramadhani inaonyesha kwamba inawezekana

Wapo wazazi watakaosema kazi zao haziruhusu. Jibu liko kwenye kalenda yao wenyewe.

Wakazi wengi wa delta ni Waislamu, na kila mwaka mwezi wa Ramadhani hufanya kile ambacho miezi mingine kumi na moja inaonekana kushindwa. Jua likizama, kila mtu yuko mahali alipo futari. Mvuvi anapanga safari yake ili awahi, au anabeba futari na kula na wenzake chomboni. Mwenye bodaboda anaegesha. Watoto wanatumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa, nao wanarudi na sahani nyingine. Mihogo ya nazi, magimbi, kunde, tambi na uji wenye pilipili manga vinaandaliwa tangu alasiri, na hata mtoto asiyefunga anajua kuna jambo linasubiriwa.

Bahari haikusimama mwezi huo. Maji yanajaa na kupwa kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba familia imekubaliana kuwa kuna mlo mmoja usioguswa na shughuli nyingine.

Familia yoyote, ya dini yoyote, inaweza kukopa utaratibu huo. Si lazima uwe mlo wa usiku. Kama maji ya wiki hii yanamtoa baba usiku, basi chai ya asubuhi anaporudi ndiyo iwe ya pamoja: viazi vya kuchemsha au mihogo, samaki wa kuchoma na uji, watoto wakila kabla ya kwenda shule. Wiki ijayo, maji yakigeuka, mlo wa pamoja unahamia jioni. Anayejua kusoma mwezi na maji anaweza pia kupanga chakula cha familia yake.

Sinia moja, mtoto mdogo asisahaulike

Kula kwenye sinia ni shule ya adabu. Mtoto anajifunza kunawa, kusema bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula cha mbele yake, kutoparamia kitoweo na kutonyanyuka kabla ya wakubwa bila ruhusa. Anajifunza pia kwamba chakula ni kidogo na watu ni wengi, hivyo hashibi peke yake. Samaki mkunje angali mbichi. Adabu hizi hazifundishiki kirahisi mtu akishafika miaka kumi na minane.

Lakini sinia lina hasara moja ambayo wataalamu wa lishe wameizungumza kwa muda mrefu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakula polepole. Kaka zake wana mikono ya haraka. Sinia likiisha, wote wanaonekana wamekula, kumbe mdogo amepata tonge nne na mchuzi, mnofu wa samaki haujamfikia.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa karibu nusu ya watoto, kwa hiyo nchi imepiga hatua, lakini watoto watatu katika kila kumi bado ni wengi. Udumavu hauumizi urefu pekee. Unagusa pia maendeleo ya ubongo, na siku zinazoamua zaidi ni zile 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Ushauri ni rahisi. Mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Baada ya hapo aanzishiwe chakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kwa umri wa miezi sita hadi minane apewe chakula mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne. Akikaa na familia kwenye mkeka, awe na kibakuli chake, na mtu mzima mmoja awe na jukumu la kumlisha. Anakuwa pamoja na wenzake, lakini fungu lake halishindaniwi.

Baba asile peke yake barazani

Katika nyumba nyingi za pwani, wanaume hula barazani na wageni, wanawake na watoto hula uani au jikoni. Desturi hiyo ina heshima yake, na si kazi ya gazeti kuivunja. Lakini mzazi anaweza kujiuliza matokeo yake: kuna watoto ambao humsikia baba yao wakati wa kutumwa na wakati wa kugombezwa tu.

Baba anayekaa na watoto wake mara tatu kwa wiki, hata kwa nusu saa, anajua mambo ambayo hakuna atakayemletea barazani. Anamwona binti ambaye siku hizi hali. Anagundua kijana hajaenda shule tangu Jumanne. Anasikia jina la rafiki asiyemfahamu. Mtoto haitwi aje kuhojiwa. Mkono ukiwa kwenye chakula, maneno hutoka yenyewe.

Kuna suala la kitoweo pia. Pale ambapo mnofu mzuri hupelekwa barazani kwanza, kinachobaki kwa mama mjamzito au anayenyonyesha kinaweza kuwa mchuzi, wakati mwili wake ndio unaohitaji zaidi protini na madini ya chuma kwa ajili ya watu wawili. Wakila pamoja, baba anaona sahani ya kila mmoja. Si rahisi mwanamume kula kichwa na kiwiliwili cha samaki huku mkewe mjamzito akichovya mchuzi mbele ya macho yake.

Kwa wale wa Kibiti mjini, hesabu nyingine ni ya mfukoni. Baba anayekula kwa mama lishe mara mbili kwa siku, na vijana wanaopewa fedha za chipsi kila jioni, waandike wanachotumia kwa wiki moja tu. Kisha walinganishe na bei ya kilo ya mchele, nazi mbili, fungu la matembele na dagaa. Familia nyingi zitakuta kwamba mlo wa nyumbani unalisha watu wengi zaidi kwa fedha hizohizo, na mama lishe akabaki kuwa msaada wa mchana wa kazi badala ya kuwa jiko la kudumu.

Wali pekee hautoshi

Mlo wa pamoja ukiwa wali mweupe na mchuzi mwepesi kila siku, familia itakaribiana lakini afya itachechemea. Wali unatoa nguvu, ila hauna protini na madini ya kutosha. Unahitaji wenzake, nao delta inao.

Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe kwa muda mrefu ili kuondoa sumu ya asili iliyomo kwenye majani ya muhogo, kisha kiungwe kwa nazi na karanga. Mbaazi au kunde za nazi zishike nafasi ya samaki siku ambayo nyavu zimerudi tupu. Dagaa wakaushwe vizuri, wasagwe, na unga wake utiwe kwenye uji wa mtoto kwa kijiko. Boga, papai na embe vinampa mtoto vitamini A. Limau au embe pamoja na mboga za majani husaidia mwili kunyonya madini ya chuma, wakati chai ya rangi ikinywewa palepale na chakula huyazuia. Chai isubiri angalau saa moja.

Jikoni nako ni sehemu ya mlo. Watoto wanaochambua mchele, kukuna nazi kwenye mbuzi na kupaa samaki wanazungumza na mzazi kabla hata chakula hakijaiva. Kazi hiyo si ya mabinti pekee. Wanaume wa delta wakienda dago, kambi za uvuvi, wanajipikia wenyewe kwa siku nyingi bila kuona aibu. Kijana anayejua kupika dago anaweza pia kusonga ugali nyumbani mama akiwa shamba, na wadogo zake hawatalala na njaa.

Simu nayo ina nafasi yake. Wakati wa kula, zote, pamoja na ya baba, ziwekwe pembeni. Lakini mzazi aliye shambani au dago aitumie simu hiyohiyo vizuri: akipiga wakati watoto wanakula, sauti ikawekwa wazi kila mmoja amsikie, naye amekuwepo kwenye mkeka kwa namna yake.

Siku ambazo chungu ni chepesi

Haitakuwa haki kuzungumzia mlo wa familia Kibiti bila kutaja maji yanapokuja kwa hasira. Aprili 2024, mafuriko ya mto Rufiji yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na kuwatoa watu kwenye nyumba zao. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilikuwa zimefanya hivyohivyo. Mto unaoleta udongo wenye rutuba ndio unaoondoka na mpunga.

Katika nyakati hizo, familia inakula mara moja kwa siku, na mzazi anaona aibu kuwaita watoto kwenye chakula kisichotosha. Wapo wanaoondoka nyumbani wakati wa kula ili wasione. Hapo ndipo mlo wa pamoja unapokuwa na kazi kubwa kuliko siku za shibe. Watoto wanaojua kwamba kilichopo kimegawanywa mbele ya wote hawajengi dhana kwamba kuna aliyekula kwa siri. Wanaambiwa ukweli kwa kipimo cha umri wao: mavuno yamekwenda na maji, tutapanda tena yakishuka. Mdogo kabisa na mama mjamzito waanze, wengine wafuate.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Rafiki wa karamu huondoka karamu ikiisha. Lakini udugu nao haujilei wenyewe. Hujengwa kwa mambo madogo yanayorudiwa, na kula ni mojawapo.

Pa kuanzia wiki hii

Mzazi asianze na mipango mikubwa. Achague milo mitatu ya wiki hii, aitazame ratiba ya maji, ya shamba au ya kijiwe, na aitangaze mapema nyumbani ili kila mmoja ajue. Atenge kitoweo kabla ya kuuza. Amwekee mdogo kibakuli chake. Kila mtoto apewe kazi moja ya jikoni, wa kiume na wa kike.

Wakati wa kula usigeuzwe kuwa baraza la kesi. Makosa ya shule na madeni yana muda wake. Mtoto akijua kwamba kila akikaa kwenye mkeka atasemwa, atatafuta sababu ya kuchelewa. Aulizwe tu siku yake ilikuwaje, kisha mkubwa naye aeleze ya kwake.

Na kama wiki hii imewezekana mara moja badala ya tatu, si kushindwa. Maji yatageuka tena wiki ijayo, na mkeka uko palepale.